Shuka Lililofuliwa

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kutundika mashuka meupe na kungoja yachafuke. Nayatundika katika mitaa ya mji wetu wa migodi, Kamalondo na ule uitwao Kenya, popote penye mtu wa kunikubalia kamba. Baada ya miezi nayapiga picha, narekodi sauti za mtaa uleule, kisha nayaonyesha yote pamoja ili watu waone wanachovuta kila siku. Wanafunzi wangu wa sanaa nawafundisha kulisoma vumbi: jekundu ni la barabara, jeusi la makaa, la kijivu latoka kwenye madini. Wananiita Profesa Vumbi, wakidhani sisikii.

Shuka moja alilitundika mke wangu kwa mkono wake, barazani kwetu, chini ya bati, mvua isilifikie. "Bengine banafula, weye unachafula," alinicheka, kwamba wenzangu wanafua nami nachafua. Tayari alikuwa anakohoa. Daktari hakusema ni vumbi, nami sisemi. Alifariki shuka likiwa na miezi mitatu.

Sikuligusa. Nilikusudia liwe la kwanza ukutani siku ya maonyesho, mbele ya wakuu wa mji. Kusema kweli, nililihitaji zaidi mimi. Nikitoka kazini nilivuta kiti nikakaa mbele yake, kwa sababu ndani ya nyumba hapakuwa na wa kukaa naye.

Siku mbili kabla ya maonyesho nilirudi kutoka darasani nikakuta kamba tupu. Mama wawili wa lupango wetu, ua tunaokaa pamoja, walionipikia siku zote za msiba, walikuwa wananingoja na shuka limekunjwa, limepigwa pasi, jeupe kuliko lilivyotoka dukani. Kwao, aliyefiwa huacha nguo za msiba bila kufuliwa mpaka wenzake waje kumfulia, ndipo kilio kiishe. Mashuka yangu nilikuwa nimeyaeleza mitaa mizima. Hawa wa mlango wa pili sikuwaeleza kitu. Tangu mazishi nilikuwa nawapita kichwa chini.

"Papa, mwaka inaisha," alisema mkubwa wao. "Muntu hawezi kubakia na kilio peke yake. Tulikufulia."

Nilikasirika. Kisha nikaona vidole vyake, vimekunjamana kwa sabuni. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, wao wangejuaje? Nikasema aksanti, nikalipokea.

Nililitundika hivyohivyo, jeupe, mwisho wa ukuta. Wakuu walipita haraka, wakapigwa picha, wakaondoka. Mama wale walikuja na vitenge vyao vya kanisani, wakasimama mbele ya shuka langu wameridhika. Halafu mkubwa akayageukia yale mengine, akayatazama moja moja.

"Na hizi zingine?" aliniuliza kwa upole. "Benyewe habana bantu ba kubafulia?"

Ati wenye mashuka yale hawana watu wa kuwafulia! Nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha nikatoka nje nikalia.

Shuka nimelirudisha barazani, na safari hii mama wale nimewaeleza. Limeanza kupata wekundu pembeni. Vumbi lile la kwanza tulilivuta wawili. Hili nalivuta peke yangu.