Kwa Soga

Mume wangu alilipwa mshahara kwa kunyamazisha watu. Msicheke, ni kweli. Aliendesha boti ya wageni kwenye hifadhi ya ziwa, na ukiacha usukani na mafuta, kazi yenyewe ilikuwa kuhakikisha hakuna anayefungua mdomo boti inapokaribia ndege. Akiinua kiganja, boti nzima inameza maneno. Kamera zinatoka taratibu, na mdiria aliyekaa juu ya tete haruki. Ndivyo alivyofanya kazi tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Shida ni kwamba kiganja kile alikileta nyumbani. Akitaka chumvi mezani, ananyoosha kidole. Watoto walipokuwa wadogo wakigombana, kiganja. Na mimi, ambaye Mungu aliuumba mdomo wangu kwanza ndipo akatafuta mtu wa kuubeba, nilioneshwa kiganja hicho asubuhi, mchana na jioni mpaka mistari yake naijua kuliko ya kwangu mwenyewe. Sikunyamaza, lakini angalau nilijua anachotaka.

Mimi ni msusi. Chumba changu cha kazi kiko mbele ya nyumba yetu, kina kioo chenye ufa pembeni, benchi la mbao, na ndoo ya maji ya moto ya kuchovya ncha za rasta. Mteja akishakaa chini mbele ya magoti yangu, vidole na mdomo vinaondoka pamoja. Nikinyamaza, vidole navyo vinasimama, na mteja anageuka kuniuliza kama naumwa. Mtaani wananiita Msusi, wengine Mama. Mume wangu peke yake ndiye aliyekuwa akiniita Soga, tangu tukiwa wachumba. Zamani nililisikia kama jina la mapenzi. Miaka ilivyokwenda nikaanza kujiuliza kama si malalamiko.

Basi, ikakaribia siku yake ya kustaafu. Nilikuwa na furaha, nisiseme uongo. Nilishamnunulia kiti chake cha kuegemea nikakiweka chumbani kwangu, karibu na dirisha, nikawa najiona tumezeeka pale pamoja, mimi nasuka, yeye anasinzia. Ndipo wifi yangu, dada yake mkubwa, akaja kusukwa. Nikiwa katikati ya kichwa chake akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayejua kabisa kwamba hujui, eti nimejiandaaje kukaa peke yangu.

Peke yangu kivipi? Akanieleza bila haraka. Mkuu wa hifadhi alikuwa amempa mume wangu kazi nyingine baada ya kustaafu: kulinda kambi ya wageni iliyoko kisiwani, katikati ya ziwa. Angekaa huko, na kurudi nyumbani mara moja moja. Jibu lilitakiwa siku ya safari yake ya mwisho, boti ikishafungwa gatini. Wifi akachukua kioo cha mkononi, akajitazama kisogo, akasema tumwache ndugu yake akapumzishe masikio.

Vidole vyangu vilisimama. Nilimaliza kile kichwa kwa kujikaza tu, na nywele za upande wa kushoto zilitoka ovyo, akome.

Sasa hebu niambieni. Mtu mwenye mdomo kama wangu, ninayeweza kumuuliza mteja habari za mkwe wake ndani ya dakika tano, nilishindwa kumuuliza mume wangu jambo moja. Kila jioni nilikaa nikimwangalia anakula, nikaongea kuhusu bei ya rasta, kuhusu jirani, kuhusu mbwa wa jirani, kuhusu kila kitu isipokuwa kisiwa. Naye hakusema. Niliogopa. Ukimuuliza mtu kama anataka kukaa mbali nawe, anaweza akajibu.

Hifadhi ina utaratibu wake: dereva anayestaafu huruhusiwa kuwapakia watu wake kwenye safari ya mwisho. Miaka yote ile sikuwahi kupanda boti yake, kwa sababu alisema waziwazi kwamba nitafukuza ndege wote mpaka nchi ya pili. Safari hii hakuwa na la kusema. Alfajiri tukatoka nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma nikimsimulia kisa cha fundi bomba aliyeitwa na jirani kuziba tangi la maji. Nilisimulia njia nzima. Fundi alikuwa ameshapanda juu ya tangi, ngazi imeanguka, jirani amekwenda sokoni na ufunguo wa geti, na ndiyo kwanza nafika penye utamu, tukafika gatini. Mume wangu akainua kiganja. Nikameza kisa changu chote.

Wifi alikuwa ameshafika, amejifunga kitambaa chekundu kichwani utadhani anakwenda harusini. Nguo za kuwaka haziruhusiwi kwenye boti, ndege huziona kabla hawajamwona mtu. Dereva mpya, msichana mmoja mpole atakayerithi ile boti, akampa sweta la kijivu ajifunike nalo kichwani. Wifi akajitanda nalo huku amenuna, nami moyo ukatulia kidogo. Wageni walikuwa wawili tu, mtu na mkewe kutoka mji mwingine, kila mmoja na darubini shingoni. Mkuu wa hifadhi alisimama gatini na kikombe chake cha chai, akamwambia mume wangu kwamba atamsubiri palepale na jibu lake. Mume wangu akaitikia kwa kichwa.

Tukaondoka. Jamani, nisemeje? Nimeishi karibu na lile ziwa maisha yangu yote, nimechota maji yake, nimefulia, na sikuwa nalijua. Maji yalikuwa yametulia kiasi kwamba mbingu ilikuwa chini na juu, na sisi tumewekwa katikati. Mayungiyungi yalikuwa bado yamefumba. Mwari, wale ndege wenye mfuko chini ya mdomo, walipita wakielea kimya, mmoja nyuma ya mwingine, wakubwa, weupe, hawana haraka na mtu. Injini iliguna chini chini. Nikahisi usingizi ambao si usingizi, ule wa kusikia kila kitu kwa mbali, na kwa muda hata kisiwa nikakisahau.

Halafu mume wangu akaanza kuongea.

Aliongea kwa sauti ya chini, nusu kunong'ona, usukani mkono mmoja. Akawaonesha wale wageni furukombe aliyekaa juu ya mti mkavu, akawaambia jinsi dume na jike wanavyoitikiana. Akawaeleza kuhusu pembe za ziwa na majina yake, maana madereva wa boti wameipa jina kila kona. Palipo na jiwe bapa ambapo ndege hula samaki panaitwa Mezani. Penye kona ya kiboko mmoja mzee panaitwa Kwa Mkwe, kwa sababu unapita kwa adabu, husogei karibu, na humpi mgongo. Wageni wakacheka kwa kujiziba midomo. Hata mimi nilicheka, lakini roho iliniuma. Kumbe maneno anayo! Anayo mengi na matamu, na yote aliyaacha huku majini, nyumbani akanirudishia kiganja. Niliwaonea wivu mwari, niseme ukweli.

Tulipokata kona ya matete, dereva mpya akamnong'oneza mume wangu kitu. Nikasikia vizuri kabisa. Aliuliza kama wakati wa kurudi tupite upande wa Kwa Soga.

Nilidhani masikio yangu yanacheza. Nikamvuta yule binti mkono, nikamuuliza huko Kwa Soga ni wapi. Akanijibu kwa ukarimu, maskini, hakujua anamwambia nani. Ni ile miti mikavu iliyosimama majini upande wa gati, akasema, ambako mnandi na yangeyange wamejenga viota vyao juu ya viota. Makelele ya pale hayana mfano, Mama, kutwa kucha, hawapumziki hata mvua ikinyesha. Jina lilikuwepo kabla hajaajiriwa. Madereva wote wanaliita hivyo.

Wifi aliingiza uso ndani ya sweta la kijivu, nikaona mabega yake yanatikisika.

Nilitamani maji yanimeze. Kwa hiyo nilikuwa kichekesho cha ziwa zima. Mume wangu amepita pale miaka yote na wageni wake, kaona ndege wenye domo lisilofungwa, kamkumbuka mkewe. Nilimtazama kisogo, lile shati la kazi ambalo nimelipiga pasi mimi, nikajisemea, nenda. Nenda kisiwani kwako, ukae na kimya chako mpaka mshibane. Hutasikia neno kutoka kwangu. Machozi yalinijaa, nikageuka upande nikajifanya naangalia ndege.

Ukungu ulitoka kwenye matete. Mwanzoni ulikuwa kama mvuke wa ile ndoo yangu ya maji ya moto, ukatambaa juu ya maji, ukaficha mayungiyungi. Kisha ukasimama. Nikageuza kichwa, matete hayapo. Nikageuka tena, ng'ambo haipo. Mwisho nikawa simwoni vizuri wifi aliyekaa mbele yangu. Yule mgeni mwanamke akamshika mumewe mkono. Mahali fulani karibu nasi kiboko akapumua, pumzi nzito, na hakuna aliyejua ni upande gani. Wifi akaanza kuomba chini chini.

Mume wangu akazima injini.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Hakikuwa na juu wala chini. Boti ilielea, sijui ikielekea wapi, na mimi nikahisi nimeshakufa na bado sijaambiwa. Hata hasira yangu niliitafuta sikuiona. Mume wangu alisimama ameinamisha kichwa, mkono mmoja umeinuliwa, kiganja kilekile. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hakutunyamazisha tu. Alikuwa anasikiliza.

Tukakaa hivyo. Kisha kwa mbali, upande wa kulia, zikaja kelele. Ndogo mwanzoni, mguno, mkoromo, mlio juu ya mlio, watu wengi wanaosimuliana mambo mengi bila kungojana zamu. Mume wangu akashusha mkono. Akawasha injini, akageuza boti pole pole kuelekea kulekule. Kelele zikakua, zikajaa ukungu wote, na mara miti mikavu ikajitokeza, myeupe kwa kinyesi, viota kila tawi, ndege wakipiga domo utadhani wanalipwa. Akaifuata kando, akiiacha mkono wa kushoto, nasi tukaanza kuona taa ya gatini.

Yule mgeni mwanamke alivuta pumzi, akauliza mahali hapo panaitwaje.

"Kwa Soga," mume wangu akasema. Hakugeuka. "Ni jina la mke wangu, huyo aliyekaa nyuma. Ukungu ukishuka macho hayasaidii, taa haisaidii. Mimi nazima injini, namsikiliza. Nikishamsikia, najua nyumbani ni upande gani."

Hakuna aliyecheka. Wifi aliliondoa sweta usoni akanitazama, kisha akaangalia chini. Mimi, Msusi, Mama wa maneno, nilifungua mdomo, kikatoka kilio. Nililia tu, waziwazi, mbele ya watu, na sikuona haya.

Gatini mkuu wa hifadhi alikuwa amesimama na kikombe kilekile. Akatusaidia kushuka, akawapa wageni pole kwa ukungu, akampongeza mume wangu kwa utumishi wake. Kisha akauliza vipi, kisiwani anakwenda ama haendi. Mume wangu alikuwa anafunga kamba. Akamaliza fundo, akalivuta kuona kama limekaza, akamkabidhi dereva mpya ufunguo wa injini.

"Nashukuru, mkuu," akasema. "Lakini kule kimya ni kingi mno. Nitapotea."

Tukaaga, tukaanza kutembea kurudi nyumbani, safari hii bega kwa bega. Ukungu ulikuwa unapanda, jua linapenya kidogo kidogo, barabara imeloa na inang'aa. Nilitembea nimenyamaza. Kila neno nililolishika niliona halitoshi. Tukapita kwenye mashine ya kusaga, tukapita duka la kona. Naye akawa ananitupia jicho, anatazama mbele, ananitupia jicho tena, kama mtu aliyesikia injini imebadilika mlio.

Tulipokaribia mtaa wetu akasimama kabisa.

"Yule fundi bomba," akasema. "Ngazi imeanguka, jirani kaenda sokoni na ufunguo. Ikawaje?"