Mluzi Katika Gari la Mwalimu

Miezi miwili tangu azikwe mkewe, Fundi Besi alikuwa hajadondosha hata chozi moja, na ukoo mzima ulishikwa na wasiwasi. Shangazi wa marehemu alimkagua macho kila alipomwona, kama mtu anayesubiri bomba la mtaa litoe maji.

"Mwanamume gani huyu?" alinong'ona kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. "Au alikuwa amemchoka?"

Fundi mwenyewe alikula, alilala, alifunga spika za watu. Kifuani alihisi kile unachohisi mdomoni ukitoka kung'olewa jino kwa ganzi: nyama ipo, habari hakuna.

Jumamosi asubuhi shemeji yake, kaka wa marehemu, aliliingiza karakanani kwa Fundi gari la Mwalimu. Marehemu alikuwa akifundisha hesabu, na mtaa mzima, mume akiwemo, ulimwita Mwalimu. Mnunuzi alikuwa amepatikana: kinyozi, mpenzi wa besi ya kutikisa madirisha, naye alikaa mbele. Shangazi alikaa nyuma, eti kusimamia mauzo.

"Shemeji, spika zinapiga mluzi," alisema kaka wa marehemu. "Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Bwana hapa anasema usipotoka, hanunui."

"Naujua."

Aliujua kwa miaka minne. Amplifaya, kile kikuza sauti cha spika, aliifunga yeye mwenyewe ndani ya buti, mbiombio, Mwalimu akipiga honi kwa sababu anachelewa kusimamia mtihani. Jioni ile ile malalamiko ya Mwalimu yakaanza.

"Baba, gari linanipigia mluzi kama wahuni wa kituoni."

"Ni masikio yako, mama. Yamezoea kelele za watoto."

Magari ya wateja yalitoka kwake yakiimba kama malaika. La mke lilisubiri Jumapili, na Jumapili ikawa na mambo yake.

Alichomoa nyaya zinazotoka kwenye redio. Mluzi ukabaki. Basi si redio. Akachukua mita, ncha moja akaigusisha kwenye bolti ya waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, ncha nyingine kwenye chuma kitupu. Mita, iliyopaswa kulala kwenye sifuri, ikapanda hadi karibu nusu volti. Akafungua bolti. Chini yake rangi ya gari ilikuwa ingali inang'aa kama ya dukani. Alikuwa ameifunga ethi juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme! Kosa la mwanagenzi wa wiki ya kwanza. Angekuta kazi hiyo imefanywa na fundi mwingine, angemtangaza mji mzima.

Alisubiri kitu kimpande kifuani. Hakikupanda. Akachukua msasa.

Alikwaruza kichwa kikiwa ndani ya buti, hadi chuma kikatoka cheupe. Vumbi la rangi likamwingia jicho la kushoto. Alipoinuka, chozi lilikuwa linamteremka shavuni, lenyewe, bila kutumwa na mtu.

Shangazi alishuka garini kama aliyekalia kaa la moto.

"Analia! Jamani, mkwe wetu analia!" Simu ilishafika sikioni. "Dada, limetoka! Nimeliona kwa macho yangu. Jicho la kushoto!"

"Ni vumbi, shangazi."

"Lia, baba. Lia vumbi lako."

Fundi akaachana naye. Akakaza bolti, akarudisha nyaya za redio, akafungua sauti yote bila wimbo, kisha akamwambia kinyozi ahamie kwenye usukani, akanyage mafuta. Injini ilinguruma. Spika hazikusema kitu. Kazi nzima ilikuwa imechukua dakika ishirini.

"Safi!" kinyozi alipiga usukani kofi. "Nalichukua."

"Kanyaga tena."

Akakanyaga.

"Tena."

"Fundi, si umeshatoka? Unasikiliza nini?"

"Wewe kanyaga tu, kaka."

Fundi alipiga goti, akaweka sikio kwenye spika ya mlango wa dereva. Injini ikapanda, ikashuka. Kimya.

"Hayakuwa masikio yako, mama," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma namba ya fyuzi.

Nyuma yake shangazi alimweleza dada yake kwenye simu kwamba mambo yamekuwa makubwa, sasa anaongea na marehemu.

Fundi aliinuka, akapangusa jicho ambalo lilikuwa limeshakauka, akaenda kufunga buti.