Kadi ya Shangazi

Harufu ya gundi ya bahasha hunirudisha Bukavu, kwenye meza nilipoandika kadi za shukrani baada ya harusi ya dada yangu. Wageni wa Muhumba, mtaa wa wakubwa, niliwaandikia kadi zenye ukingo wa dhahabu, nikiwaita kwa heshima ya siku hizo, Citoyen na Citoyenne. Shangazi, aliyebeba maharage ya harusi kichwani kutoka kijijini Nyantende, nilimchania karatasi ya daftari nikaandika neno moja tu la asante: Merci. Nilijua hawezi kusoma.

Jumapili akaja nayo.

“Unisomee, mutoto yangu.”

Mbele ya mama nikabuni maneno mengi matamu. Shangazi akafuta machozi.

“Soma tena, pale pa maharage.”

Sikukumbuka nilichokuwa nimesema. Mama akaichukua ile karatasi, akaisoma, akanigeukia. Shangazi alitutazama, bado akitabasamu, akingoja.