Mashoto na Barua Saba

Asubuhi ile ilikuwa kama nyingine zote. Mashoto aliamka kabla ya mumewe, akabandika maji ya chai, akakaa dirishani na shati lililolegea kifungo. Alishona kwa mkono wa kushoto, ule uliompa jina, kisha akakata uzi kwa meno. Mumewe, fundi wa plasta aliyestaafu, akamwambia mkasi uko droweni.

"Meno yapo karibu zaidi."

Akamvalisha shati, akamfunga vifungo mpaka shingoni kama anampeleka kupigwa picha. Akasema anakwenda dukani mara moja kununua sabuni. Moyo ulimsimama mlangoni pa duka. Ni hayo tu.

Mengine ni ya zamani, na yasingesemwa kama si mtu mmoja aliyetumwa mazishini na kiwanda alichofanyia kazi Mashoto. Alisimama mbele za watu na karatasi, akasoma kwamba marehemu alikuwa mfanyakazi mtiifu. Mtiifu! Mumewe aliishi naye miaka arobaini na moja na neno hilo hakuwahi kuliona nyumbani kwake. Akataka kuinuka. Mkono ukamvuta mkono wa shati. Alikuwa Mama Miwani, aliyekaa benchi moja na Mashoto kiwandani.

"Kaa, shemeji. Mwache amalize, halafu nikwambie huo utiifu wake."

Kilikuwa kiwanda cha mashati. Benchi la kola lilikuwa na wanawake saba. Mashoto ndiye aliyekuwa na kasi kuliko wote, na Mama Miwani ndiye wa mwisho, kwa sababu macho yalishaanza kumtupa mkono. Akizidiwa, kola zake zilihama kimyakimya, mbili kwa huyu, tatu kwa yule. Jioni mafungu saba yalilingana. Hakuna aliyewafundisha.

Ndipo akaja meneja mwenye saa ya kitufe inayoning'inia shingoni. Wakamwita Bwana Saa. Kwake kila kazi ilikuwa na njia moja tu iliyo sawa, na kuitafuta njia hiyo ni kazi ya ofisi. Mshonaji ashone, asifikiri. Siku tatu alisimama nyuma ya Mashoto akibonyeza: kuchukua, kulaza, kushona, kugeuza, kukata. Ya nne akabandika mchoro ukutani. Mafungu yakae kulia, mkasi kushoto, kola ishikwe hivi. Wote wafuate. Atakayekuwa nyuma ya wenzake kwa mwezi mzima, mlango ule pale. Na kuanzia siku hiyo, marufuku kupeana kola.

Alikuwa amepima kila kitu cha mkono ule, isipokuwa kwamba ulikuwa wa kushoto.

Wenzake wakamgeukia Mashoto. Mmoja akataka kwenda kumweleza meneja.

"Thubutu!" Mashoto akasema. "Si ametukataza kufikiri? Tutii."

"Tutii mpaka lini?"

"Mpaka alie."

Wakatii. Wanawake sita wenye mikono ya kulia walishona kama mtu wa kushoto, sawasawa na mchoro. Kola zikatoka zimepinda kama masikio ya mbuzi. Mikasi ilianguka kutwa nzima. Mashoto naye akapunguza mwendo, akawa anapiga miayo. Bwana Saa alibonyeza, akafuta, akabonyeza tena, na kila alipojumlisha hakumpata wa mwisho, maana wote walikuwa wa mwisho. Mwezi haukuisha maduka yakarudisha mashati. Aliondoka na saa yake. Mchoro Mashoto aliubandua, akafungia vipande vya uzi.

Aliyefuata alikuwa mtu laini. Kila akipita, "Poleni na kazi, mama zangu." Wakamwita Bwana Poleni. Huyu aliamini mtu hufanya kazi kwa bidii akiona anathaminiwa. Akapaka kuta rangi, akaweka feni, akawapa robo saa ya chai, akawaita mmoja mmoja kuwauliza habari za nyumbani. Na kola ziliongezeka kweli. Mashoto alikiri hayo kwa mumewe.

"Huyu ana adabu," alisema. "Nimeanza kumwogopa."

Siku moja Bwana Poleni alimwita ofisini, akamvutia kiti, akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi, na benchi zima lilisikia. Alisema wao ni familia. Kisha akasema zinakuja cherehani mpya, benchi litabaki na watu sita, na kwa kuwa anaheshimu maoni yao, wachague wenyewe nani aende. Yeye alidhani wangemwonea huruma Mama Miwani, wakampumzisha. Mashoto atakuwa msimamizi.

Mwaka huo mumewe alikuwa kitandani. Alikuwa ameanguka kutoka jukwaa la ujenzi, mguu umevunjika mahali pawili, na watoto watatu walikula kwa cherehani ya mama yao. Hakuambiwa kitu. Anakumbuka tu mkewe aliporudi jioni ile, akavua viatu, akasema, "Leo nimekataa chai ya watu." Naye akadhani haikuwa na sukari.

Mazishini, aliposikia habari yote, kwanza alikasirika. Mkewe aichezee kazi hivyo, na yeye mguu uko hewani! Hasira hiyo haikuwa na wa kumpelekea. Akamtazama Mama Miwani, aliyekaa kwenye kiti chake pale kiwandani miaka tisa zaidi mpaka alipoondoka kwa hiari yake, benchi likiwa bado na watu saba. Usimamizi Mashoto hakupewa mpaka anastaafu.

"Alimwambiaje huyo Bwana Poleni? Rudia, neno kwa neno."

Mama Miwani akarudia. Mtu wa kiwanda alikuwa anajiandaa kuondoka, karatasi yake ameshaikunja. Mume wa Mashoto akamfuata, akamwambia aikunjue, achukue kalamu, na chini ya neno mtiifu aandike aliyoyasema mke wake siku ile, akiwa amesimama, chai inapoa mezani:

"Yule wa saa alitupima bila kutuuliza. Wewe umetuuliza, na jibu unalo mfukoni. Benchi hili lina watu saba. Ukitaka kumtoa mmoja, andika barua saba, na ya kwanza iwe yangu."