Motokari Yenye Haina Nyuma

Watu wa Goma wanasema bwana yangu, Honoré Ndagijimana, aliagiza motokari ya wazungu kwa sababu ya kujiona. Waache waseme, kusema hakulipishwi kodi. Mimi Donatille, bibi yake, niko najua sababu, maana sababu ni mimi.

Mwaka wa 1952 nilikuwa na mimba ya Marie-Claire, miezi saba. Honoré alikuwa na kamiyo moja tu, lori ya kutoa samaki ya chumvi Vitshumbi na kuileta soko ya Goma. Ikatufia njiani Kalengera, na mvua ikaanza. Bwana Rémy, Mubelgiji mwenye shamba ya kahawa pale pale, akapita na kamionete yake, kamiyo ndogo ya wazi nyuma. Alikuwa peke yake na imbwa yake. Honoré akamuomba anifikishe Goma, mimi tu, kwa sababu ya tumbo. Muzungu akasema, “Apande nyuma.” Imbwa ilikuwa imekaa mbele, kavu kabisa.

Tukapanda sisi wawili juu ya magunia, Honoré ananishikilia mabega. Tukapita Kibati maji inatutiririka mpaka ndani ya viatu. Hakusema neno hata moja njia muzima. Mimi niliolewa na ule mutu, najua kunyamaza kwake. Kunanitisha kuliko kelele ya wengine.

Miaka ine ikapita, kamiyo ikawa mbili. Siku moja akaniambia nivae kitenge kizuri, tukapanda bato, meli ya ziwa, mpaka Bukavu, tukaingia kwenye duka ya motokari. Kijana wa Kibelgiji, jina lake Ferdinand, akatufungulia kitabu cha picha. Honoré akaruka zile kubwa kubwa zote. Akasimama kwa moja nyekundu, ya chini chini, paa yake ya kitambaa, motokari ya kushindana mbio na ya bei ya kuumiza kichwa.

“Hii iko na viti vingapi?”

“Viwili.”

“Na nyuma?”

“Haina nyuma.”

“Basi ni hii.”

Ferdinand akachukua kalamu, akauliza, “Unaiagizia bwana gani?”

“Naiagizia bibi yangu,” Honoré akajibu.

Kijana akaniangalia, akaangalia miguu yangu, kisha akaandika. Sitamusema vibaya. Aliandika jina yetu vizuri, herufi zote, akatupa karatasi ya komande, ya kuonyesha tumeagiza.

Sasa kungojea. Kungojea ni kazi, musidanganyike. Motokari ilipaswa kutoka Ulaya kwa meli, kushuka Dar es Salaam, kupanda treni mpaka Kigoma, kuvuka ziwa ya Tanganyika, kufika Bukavu, kisha kupanda bato ya Kivu. Mwezi ukiisha, jirani yangu Apolline ananichungulia juu ya ukuta wa lupango, ule ua wetu: “Mama Marie-Claire, motokari yenu ingali inatambaa?” Namujibu kwamba mutoto anatambaa kwanza. Wengine wakasema itanuka samaki. Nikawaambia ndiyo, na wao hawatapanda hata kuinusa.

Ilikuwa mwezi wa pili wa kungojea, Honoré yuko Vitshumbi, ndipo Célestin alifika kwetu. Célestin ni mutu wa Rutshuru, wa lugha yetu, kapita wa Bwana Rémy, ule wa kusimamia wafanyakazi wake. Alikuwa anaongoza ngombe ya madoa na ndama yake. “Bwana anawasalimia,” akasema. “Amemupa Honoré ngombe.”

Nikashangaa. Lakini ile ngombe ilikuwa imetembea siku tatu, kiwele kimejaa, inalia kwenye lupango yangu. Mimi nilizaliwa Masisi. Ngombe ikilia hivyo mukono wangu hauniulizi. Nikachukua chansi, kile chombo chetu cha muti cha kukamulia, nikaikamua, tukakunywa, mimi na mutoto. Célestin alikuwa amesimama anaangalia mpaka tumemaliza. Kisha akasema pole pole, bila kuniangalia usoni, “Bwana atakuja kuchukua karatasi ya motokari.”

Nikaweka chansi chini. Kwetu, mutu akikupa ngombe na wewe ukakunywa maziwa yake, umekuwa mutu wake. Akikuomba kitu hauna mudomo wa kukatala. Ukikatala, hakuna mutu atakupa ngombe tena, hakuna mwenye ataoa binti yako. Célestin akanieleza kwamba Bwana Rémy alikuwa ametaka motokari kama ile ile, duka ikamwambia mwaka huu inakuja moja tu kwa Kivu nzima, na iko na jina ya Ndagijimana. Aipate tu kama Ndagijimana ametia mukono kwamba ameiacha. Na mwenye kumufundisha mulango wa kuingilia kwetu ni Célestin. Mwenye kuufungua ni mimi, na chansi yangu.

Honoré aliporudi sikumuficha kitu. Hakunigombeza. Alikaa, akanyamaza kunyamaza kule kwa magunia, na mimi nikatamani heri anipige makelele. Muzee Ntirenganya, baba yake mudogo, akaitwa.

“Mutoto yangu,” muzee akasema, “mupe muzungu motokari.”

“Nikimurudishia ngombe yake?”

“Na maziwa? Bibi yako atayatapika?”

Nikasikia moto kichwani. Nikasema, “Nitamupa Bihogo.”

Wote wawili wakaniangalia. Baba yangu alinipa ngombe siku ya kuolewa, na Bihogo ni binti wa ile ngombe, wa pekee aliyebaki. Nilimushika akizaliwa. Nikimuita anakuja, hata akiwa mbali kwenye majani. Lakini desturi iko na mulango mwingine wenye Célestin hakumuonyesha bwana wake. Mwenye alipewa ngombe anaweza kumurudishia mwenye kumupa ngombe nyingine, akakuwa huru. Tunaita kwitura. Watu wanangoja miaka, mpaka ile ngombe imezaa kwao.

“Kwitura ya juma moja?” muzee akasema. “Haijaonekana.”

“Itaonekana, muzee. Dawa ya moto ni moto.”

Akakuna kidevu, akakohoa, akasema hajui sheria yenye inakataza kuharakisha.

Nilienda mwenyewe, na dereva wetu. Tulimupandisha Bihogo na ndama yake kwenye kamiyo ya samaki, na mimi nikasimama nao nyuma, nashika kamba. Tukafika Kalengera wafanyakazi wote wako kwenye uwanja wanaanika kahawa, na ndivyo nilivyotaka. Bwana Rémy akatoka kwenye baraza, kalamu iko mufukoni. Nikamwambia kwamba Honoré na bibi yake wanamupa ngombe. Nikachuchumaa mbele ya watu wote, nikamukamua Bihogo, nikamupa muzungu chansi kwa mikono miwili, kwa heshima. Akacheka, akakunywa. Maziwa ikabaki kwenye masharubu yake. Wafanyakazi wakaacha kugeuza kahawa.

Akatoa karatasi. “Sasa bwana yako atie mukono.”

“Kwa nini?”

“Nilimupa ngombe!”

“Na sisi tumekupa. Muulize kapita wako.”

Célestin alikuwa ameinama. Watu karibu makumi sita wa lugha yetu walikuwa wanamungojea. Ningekuwa mimi, sijui kama ningesema. Akavua kofia. “Bwana,” akasema, “umekunywa. Wamemaliza. Hauwadai kitu.”

Bwana Rémy akafoka, akasema ataenda kwa administrateur, mukubwa wa serikali. Nikamwambia aende, aeleze kwamba alitaka kununua motokari ya mutu kwa ngombe. Mutu mumoja akacheka kule kwenye kahawa, kisha wengine.

Motokari ilifika bandari ya Goma mwezi wa saba wa kungojea, imefungwa turubai. Apolline alikuwa wa kwanza kuigusa, naye akanusa kwanza, nilimuona. Honoré akanifungulia mulango wa mbele, mbele ya wapagazi na wazungu wa bandari, akangoja mpaka nimepanga kitenge changu vizuri. Hatukurudi nyumbani. Tulichukua barabara ya Kibati, paa imefunguliwa, vumbi inatuingia kwenye meno, mpaka Kalengera.

Akapunguza mwendo kando ya shamba. Bihogo alikuwa kwenye majani ya Bwana Rémy. Nikamuita, sikuweza kujizuia. Akainua kichwa, akaja mbio mpaka kwenye senyenge, akasimama hapo ananiangalia, kamba ya wengine iko shingoni. Motokari yetu haina mahali ya kuweka ngombe.

Nililia mpaka Kibati. Ndiyo, nililia, na wale wa Goma waongeze na hiyo kwenye maneno yao. Lakini nililia nikiwa nimekaa mbele.