Siku Niliyolamba Mbao

Mwenzangu wa shule ya usiku aliniambia kwamba mbao ya saiprasi ni chungu na ya paini ni tamu, nami nikaamini kabisa. Nyumba ya mama kule Kiplombe ilichomwa wakati wa vurugu za uchaguzi, na tulipoanza kuijenga upya alinituma mjini ninunue saiprasi, isije ikamalizwa tena, safari hii na mchwa. "Wewe ndiye umesoma," alisema.

Basi kwa muuza mbao nikalamba kama ng'ombe kwenye chumvi, karibu nusu ya msitu, wateja wakinitazama. Zote chungu.

"Mzee, hizi zote ni saiprasi. Pakia."

Mzee akapangusa machozi ya kicheko. "Kijana, hizo ni paini. Huo uchungu ni dawa ya mchwa tuliyozipaka. Saiprasi tunainusa, hatuilambi."