Dirisha la Trei na Mama Mkwe

Kuna watu pale Kitale ambao hadi leo hawajui jina langu, lakini wakinikuta sokoni wanatazama suruali yangu kwanza, halafu uso, halafu wanageukia nyanya za watu na kucheka kwa adabu. Siwalaumu. Ningekuwa wao ningecheka bila hata kugeuka. Basi kaeni niwasimulie mwenyewe, maana mkiisikia kwa wengine mtaambiwa nilikuwa uchi, na huo ni uongo mtupu (suruali nilikuwa nayo, ingawa kama mtakavyoona haikunisaidia sana).

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kitu, wakati kila mtu ndio amenunua simu na hakuna mtu ana kredo, tunaflashiana tu, simu inalia mara moja unakata. Nilikuwa nafundisha kemia katika chuo kimoja cha ualimu, chuo cha kanisa, nacho kikapata wafadhili wa kukijengea jengo jipya la sayansi. Mkuu wa chuo akauliza kwenye kikao ni nani anayejua maabara inavyopaswa kukaa, na mimi, ambaye niliwahi kutembezwa kwenye maabara moja ya Nairobi kwa muda wa kunywa soda, nikainua mkono. Hapo ndipo nilipogeuka mtaalamu wa ujenzi.

Msanifu wa majengo, mama mmoja mpole kutoka Eldoret, akaja na ramani yake. Nyuma ya maabara ya kemia alikuwa amechora stoo, na stoo hiyo ilikuwa na mlango wake wa kutokea nje. Upande mwingine, kwenye ukuta uliopakana na ukumbi wa mihadhara, akachora kidirisha cha kupitishia vifaa ili mwalimu asizunguke na chupa za asidi. Ramani nzuri kabisa. Lakini mimi nilipouangalia ule mlango wa nyuma sikuona mlango, niliona mahali ambapo meza yangu ingekaa vizuri, kando ya dirisha, nikisahihisha karatasi huku naangalia Mlima Elgon kama mtu mwenye cheo. Nikamwambia auondoe, stoo iwe pia ofisi ya mwalimu wa kemia.

"Mwalimu, huo mlango ni wa kutokea kukiwa na hatari," akasema.

"Hatari gani, madam? Si mimi ndiye nitakuwa hapo?"

Akaniangalia kidogo, kisha akauliza kama basi kile kidirisha kiongezwe ukubwa. Nikamjibu kwamba kinachopita pale ni trei, na trei hazinenepi. Mlango ukazibwa kwa matofali, madirisha yakatiwa vyuma vya kuzuia wezi (hilo pia lilikuwa wazo langu, msiulize), nami nikawa naingia na kutoka ofisini kwangu kwa kupitia maabara, nikijisifu moyoni.

Sasa, wakati huohuo nilikuwa nimeposa. Msichana aliitwa Nafula, wa kwao Mabanga, na nilimpenda hata nikawa napika ugali ukiungua nikimfikiria. Wazee walikuwa wameshamaliza maneno yao, kilichobaki ni harusi ya kanisani, na kilichonisumbua ni mama yake. Mama Nafula alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na alikuwa amesema waziwazi kwa ndugu zake kwamba huyu kijana wa Myanga ana maneno mengi, lakini heshima yake bado hajaiona. Na mjue kwetu Wabukusu mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humpi mkono, hukai naye chumba kimoja, ukimwona njiani unaingia hata kwenye mahindi ya mtu mpaka apite. Kumgusa ni mwiko wa kuitisha wazee. Kwa hiyo nilijiapiza kwamba mpaka siku ya harusi, hilo la heshima hatanipata nalo.

Siku ya kufungua jengo ikafika. Nilivaa koti jeupe lililopigwa pasi likasimama lenyewe, nikasimama ndani ya maabara kungoja wageni niwaeleze. Nikachungulia kwenye kioo cha mlango, nikaona mkuu wa chuo, nikaona mgeni rasmi kutoka wizarani, na nyuma yao wanabodi, na katikati ya wanabodi, kofia kichwani na mkoba kwapani, Mama Nafula. Kanisa lilikuwa limemtia kwenye bodi wiki ileile, na Nafula hakuniambia kwa sababu alidhani najua.

Nikarudi kinyumenyume hadi ofisini, nikafunga mlango taratibu. Nilijiambia watapita tu. Nikawasikia wakisifu mabomba, nikasikia mkuu akiuliza, "Huyu Simiyu ameenda wapi tena?" halafu wakaelekea ukumbini, nami nikamshukuru Mungu mapema mno, kwa sababu sauti ya mama mmoja ilibaki.

"Nyinyi tangulieni. Hizi magoti zangu zimekataa, wacha nikae kwa hii stuli kidogo."

Mama Nafula akakaa karibu na mlango wa maabara, mlango wa pekee uliokuwa umebaki duniani.

Upande wa pili wa ukuta nikasikia ukumbi ukijaa, maombi yakaisha, kisha mkuu akatangaza kwamba sasa mwalimu Simiyu, aliyelichora jengo hili, aje mbele. Makofi. Nikatazama vyuma vya dirishani. Nikatazama matofali. Nikatazama kidirisha cha trei. Nikapanda kwenye kiti, nikatanguliza mikono, kichwa, mabega kwa shida, kifua kwa kutoa pumzi yote, halafu tumbo likafika na mambo yakasimama.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini wengi huingia mwili mzima. Mimi niliingia nusu.

Ukumbi mzima ukanitazama nikining'inia juu ya meza ya majaribio.

"Mwalimu," mkuu akasema polepole, "unafanya nini hapo?"

"Nawaonyesha wageni uhusiano wa stoo na ukumbi, bwana mkuu."

Mgeni rasmi akaitikia kwa kichwa kwa umakini, akaomba niendelee. Nami, jamani, nikaendelea. Nilieleza hewa inavyopita na mwanga unavyoingia, nikionyesha kwa mikono, huku miguu yangu kule nyuma ikitafuta kiti, mpaka nikakipiga teke kikaanguka kwa kishindo. Nikasikia mlango wa ofisi ukifunguliwa.

"Woi, fundi amekwama," ile sauti ikasema, na mikono miwili yenye nguvu ikanishika vifundo vya miguu, ikaanza kuvuta.

Nikamwambia mkuu kwa sauti ndogo amwambie mama aache. Lakini mkuu wetu alikuwa mtu wa pwani, hakujua mambo ya huku. "Kwani pana ubaya gani?" akaniuliza mbele ya watu. "Si akusaidia huyo?" Na mikono ilikuwa ikivuta, kiatu kimoja kimeshatoka, soksi yenye tundu iko wazi mbele ya mama, na suruali nayo imeanza kuteremka. Ikabidi nitangaze.

"Huyo ni mama mkwe wangu."

Wazee wetu wa Kibukusu waliokuwa ukumbini wakainamisha vichwa mara moja kama wanaomba. Nyuma yangu mikono ikaniachia. Nikasikia viatu vya mama vikiondoka mbio, magoti yamepona ghafla. Mafundi wakaja na patasi wakabomoa fremu, na sherehe ya kwanza katika jengo jipya ikawa kulivunja.

Jioni Nafula hakuflash, alipiga simu kabisa. "Mama amejifungia kwa chumba. Ati hataki kusikia jina lako." Nililia, siwafichi. Wazee wakakaa Mabanga, kondoo akapelekwa kusafisha yaliyotokea, na kwa siku zote hizo sikujua kama nina mke au sina.

Mwishowe shangazi yake Nafula akaja Kitale na ujumbe. Alikunywa chai yote kwanza, akafuta mdomo.

"Mama anasema hivi. Mtu mwenye anakubali kukwama kwa ukuta kama panya, juu ya kuogopa kupita mbele ya mama mkwe, huyo heshima anayo. Harusi iendelee. Lakini anasema nyumba ya binti yake, si wewe utachora."

Tulioana. Tangu siku hiyo niliapa sitagusa ramani, hata ya banda la kuku, na sijavunja kiapo. Nyumba yetu aliichora yule mama wa Eldoret, akielekezwa na Nafula kwa kila kitu. Mimi niliulizwa maoni juu ya rangi ya geti. Nikasema kijani. Wakapaka bluu.